Hesabuni Watu Kabla ya Kushika Kafi

Ndugu zangu viongozi wa vijana, walimu wa kwaya, wenyeviti wa vikundi, na ninyi makatibu ambao madaftari yenu yamejaa majina ya waliochangia safari ya ziwani: kabla hamjamlipa mtu yeyote fedha ya kukodi mitumbwi, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Someni aya zote 44. Ni habari ya kundi lililosafiri majini. Karibu kila kosa ambalo kundi linaweza kulifanya limo humo, na kila jambo lililowaokoa limo pia.

Walikuwa ndani ya merikebu ya Iskanderia iliyobeba ngano, wakielekea Italia. Majira yalikuwa yamewapita; siku ya kufunga ilikwisha kupita, na kwa mabaharia wa Mediterania huo ndio wakati bahari ilipoanza kuwa hatari. Wakiwa Bandari Nzuri katika kisiwa cha Krete, Paulo akawaonya wasiendelee. Naye hakuwa mtu mwoga wa maji. Alikwisha kuvunjikiwa na merikebu mara tatu, na aliwahi kukaa baharini mchana kutwa na usiku kucha, kama alivyowaandikia Wakorintho. Aliyesema alikuwa anajua. Lakini Yulio, akida aliyesafiri nao, akawaamini nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, na walio wengi wakashauri waondoke. Sikieni hapo, wapendwa: walio wengi. Kikao kilikaa, hoja ikapita, na hoja iliyopita ikawapeleka dhorubani. Kisha upepo wa kusini ukavuma polepole, wakaona mambo yamewanyookea. Haukupita muda, tufani iitwayo Eurakilo ikawashukia kutoka upande wa kisiwa.

Kamati zetu hukaa namna hiyo hiyo. Tarehe imetangazwa kanisani, basi limelipiwa, fulana zimechapishwa, mchele na nyama vimenunuliwa, na mwenye mitumbwi amesimama ufuoni anasema hakuna shida. Akitokea mama mmoja akasema, "Upepo huu siupendi," nani atamsikiliza? Msikilizeni! Nawasihi kwa jina la Bwana, msikilizeni hata kama ni yeye peke yake, hata kama ni binti wa kidato cha pili. Mtu mmoja mwenye mashaka atoshe kusimamisha safari, kwa sababu upepo haupigiwi kura. Yulio alikuwa na idadi ya kutosha upande wake, na bado merikebu ilipotea.

Wako watakaoniambia, "Mchungaji, sisi husali kabla ya kuingia majini, Mungu atatulinda." Salini. Salini kwa moyo wote. Lakini tazameni Paulo alivyofanya baada ya kupewa ahadi. Malaika alisimama karibu naye usiku, akamhakikishia kwamba katika wote waliosafiri naye hatapotea hata mmoja. Ahadi gani kubwa kuliko hiyo? Na bado, mabaharia walipoteremsha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za mbele, nia yao ikiwa kutoroka na kuwaacha abiria, Paulo huyo huyo mwenye ahadi aliwaambia akida na askari kwamba wale wasipobaki chomboni, wao hawataokoka. Askari wakazikata kamba. Kulipokaribia kupambazuka akawahimiza watu wapate chakula, maana siku 14 zilikuwa zimepita hawajala kitu cha maana. Na Luka akaandika idadi yao: watu 276. Ahadi ya Mungu haikuwaondolea kazi ya kuwazuia wenye ujuzi wasiondoke, wala ya kuwalisha wenye njaa, wala ya kuhesabu. Kiongozi anayemwingiza majini kijana asiyejua kuogelea, bila jaketi la kuokoa maisha, halafu akaliita jambo hilo imani, anamjaribu Bwana. Nasema hivyo nikijua uzito wa neno lenyewe.

Hesabu hiyo ya Luka hunigusa kila niisomapo, kwa sababu sisi wa Ziwa Victoria tunajua kinachotokea hesabu isipokuwepo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 200, na siku zile za kuopoa miili hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni watu wangapi walikuwa ndani. Miezi miwili baadaye, Jumamosi ya tarehe 24 Novemba, boti ya starehe ilizama upande wa Uganda, wilaya ya Mukono. Hao hawakuwa wasafiri wa kwenda sokoni. Walikuwa watu waliojipangia siku ya furaha, kama ninyi mnavyojipangia. Zaidi ya 30 walikufa. Polisi walisema boti ilikuwa mbovu na ilizidishiwa watu.

Kwa hiyo katibu aandike majina, kila jina, na nakala ibaki nchi kavu. Watu wahesabiwe wanapoingia majini, wahesabiwe mnapopumzika, wahesabiwe wanapotoka. Na mtumbwi wa watu watatu uingie watu watatu. Mtoto naye ni mtu. Asipakatwe ili idadi ionekane sawa.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu kilichotokea huko kinahusu kundi la vijana na kayaki, ile mitumbwi myepesi ya mtu mmoja au wawili mnayotaka kuikodi. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi wanane wa shule moja ya Plymouth, pamoja na mwalimu wao, waliingia majini pale Lyme Regis wakiwa na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo. Walikuwa wanakwenda Charmouth, kijiji cha jirani katika pwani hiyo hiyo. Mwendo mfupi. Ilipangwa saa sita mchana wawe wamerudi kula.

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda baharini. Upepo wa namna hiyo humdanganya aliyesimama ufuoni: maji ya karibu yametulia kwa sababu nchi inayakinga, na mawimbi yanakua kule mbele ambako macho hayafiki. Kayaki ya mwalimu ikapinduka, ikainuliwa, ikapinduka tena. Mkufunzi mmoja akabaki naye. Yule wa pili akawakusanya vijana, wakashikana kayaki kwa kayaki, na upepo ukawasukuma wote kuelekea bahari kuu. Kayaki zikajaa maji moja baada ya nyingine, vijana wakabaki wanaelea kwenye maji ya baridi kali. Saa sita ikapita. Alasiri ikaingia ndipo walinzi wa pwani walipopigiwa simu. Wanne walikufa, wa miaka 16 na 17.

Kesi ilipokwenda mahakamani mwaka 1994, watu walijua mengi. Wakufunzi wale walikuwa na cheti cha ngazi ya chini kabisa cha mchezo huo. Kundi halikubeba hata fataki za kuomba msaada. Na mwaka uliotangulia ule wa ajali, wakufunzi wengine waliokuwa wakifanya kazi pale waliondoka na kuandika barua kuonya kwamba mambo yakiachwa vile, mtu atakuja kufa. Barua ilisomwa. Haikufanyiwa kazi. Kampuni na mkurugenzi wake wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vinavyowapeleka watoto kwenye michezo ya hatari. Sheria ilipatikana baada ya wazazi kuzika. Mimi nawaomba ninyi msisubiri sheria, wala msisubiri jeneza. Mtu akiwaonya, iwe kwa barua au kwa mdomo, onyo hilo lisomwe mbele ya kamati yote na lijibiwe siku hiyo hiyo.

Jifunzeni upepo wa mahali mnapokwenda. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, ukubwa unaotosha kulifanya lijitengenezee upepo wake lenyewe. Mchana jua likiipasha nchi kavu, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na huzidi nguvu kadiri alasiri inavyoingia. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndipo ngurumo na radi hujikusanya juu ya maji, mara nyingi hadi alfajiri. Kwa hiyo pangeni kuingia majini asubuhi, wingu la usiku likiisha kutawanyika, na mtoke kabla ya saa tano. Anzeni kwa kwenda kinyume cha upepo mkiwa bado na nguvu, ili uwarudishe mkiwa mmechoka. Mkianza kwa kusukumwa, mtafurahia kwenda na mtalia kurudi. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, tokeni majini bila kujadiliana.

Pwani mambo ni mengine. Wanaokwenda hori la Mida kule Watamu, au mikokoni ya Tanga na Pangani, wajue kwamba maji ndiyo yanayopanga ratiba. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita nne. Mkiingia horini maji yakiwa yanaanza kupwa, mkondo utawavuta kuelekea mlangoni, au mtaachwa kwenye tope mkiwa na watoto na jua la saa saba. Muulizeni mvuvi wa diko lile, tena mumwulize siku chache kabla, si asubuhi ya safari mbele ya watu wenye haraka. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, msitoke nje ya miamba na kundi la wasiozoea. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku na hutangaza tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuufuatilia utabiri wiki nzima na kuwasomea.

Ulizeni pia kuhusu wanyama, na mwulizeni mtu asiyeuza chochote. Mwenye mitumbwi anaweza kuwaambia kiboko wa pale ni mpole. Hakuna kiboko mpole anayekutwa kati ya malisho yake na kina cha maji. Na msitegemee kwamba ziwa dogo la mlimani halina mamba: mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba katika Ziwa Chala, maji mazuri yaliyo mpakani mwa Tanzania na Kenya.

Kisha mteueni mtu wa kwenda kukagua vyombo. Asipige simu, aende, wiki mbili au tatu kabla, akaguse vitu kwa mikono yake. Aombe kuona majaketi yote atakayopewa siku hiyo, ayahesabu, na afunge kila mkanda na kila zipu. Aulize saizi za watoto. Amvalishe mtu jaketi, alifunge, halafu alivute juu kwa mabegani: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwa mtu huyo, na majini litamvuka. Jaketi lililoraruka na kuonyesha sponji ndani ni la kukataa. Ageuze kila kayaki aone nyufa na vizibo vya kutolea maji. Katika mtumbwi wa mbao aangalie kama unavuja, na kama kuna kopo la kukumbia maji lililofungwa kwa kamba. Aulize boti ya injini iko wapi, ina mafuta kiasi gani, na nani ataiendesha. Mwenye mitumbwi akijibu kwamba ataazima boti kwa jirani ikihitajika, huyo hana boti. Ashukuriwe kwa heshima na aachwe. Na wanaowaongoza vijana wawe ni watu wanaojua kumrudisha mtu kwenye kayaki iliyopinduka. Waombwe wafanye hivyo mbele ya macho yake. Mimi sikubali zaidi ya vijana sita kwa mwongozaji mmoja, na kwa watoto ni pungufu ya hapo.

Turudi kwa Yulio, maana mwishoni alifanya jambo jema. Merikebu ilipokwama na kuanza kuvunjika, aliamuru wanaojua kuogelea waruke kwanza wafike pwani, na wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Ninyi mnawajua wenu wanaoweza? Msiulize hadharani, "Nani hajui kuogelea anyoshe mkono," maana kijana wa miaka 17 aliyesimama karibu na wasichana hataunyosha. Ataingia majini na aibu yake, na aibu hiyo inaweza kumwua. Mwiteni mmoja mmoja, pembeni. Hapo hapo mwulizeni kuhusu kifafa, pumu, moyo, na dawa anazotumia. Dada awaulize mabinti. Anayejibu ukweli asinyimwe safari kwa kuadhibiwa. Apangiwe chombo cha watu wawili pamoja na mwongozaji, au akae ufuoni na kazi ya heshima. Na jaketi livaliwe na wote, waogeleaji hodari na mchungaji mwenyewe, tangu mguu unapoingia majini hadi unapotoka. Kijana akimwona mzee wa kanisa ameliweka jaketi miguuni, atafanya vivyo hivyo.

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wazee wangu, na ninawaomba wanivumilie. Gauni refu na kitenge kilichofungwa kiunoni havifai majini. Nguo ile ikilowa huzunguka miguu, na binti hawezi kupiga teke hata moja. Mruhusuni avae suruali nyepesi au kaptura ndefu chini ya fulana. Heshima yake iko palepale. Vivyo hivyo viatu vizito na makoti viachwe kwenye basi. Wala pombe isiguswe kabla wala wakati wa safari, hata na dereva wa boti wa mtu mwingine. Akinuka pombe, safari imekwisha.

Mkiisha kufika, msikimbilie picha. Nusu saa ya kwanza ni ya mafunzo, kwenye maji ya kifuani. Kila mtu apinduke makusudi akiwa na jaketi, asikie maji yanavyoingia puani, ajue kwamba ataelea. Afundishwe kushikilia chombo chake kilichopinduka na kukaa nacho, kwa sababu chombo kinaelea na kinaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, na ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Afundishwe filimbi: kila mmoja na yake shingoni, na mlio wa kuomba msaada ukubaliwe, usipigwe kwa mchezo. Anayeogopa baada ya zoezi hilo aachwe apumzike ufuoni bila kuchekwa. Mkianza mwendo, mwongozaji mmoja atangulie na mwingine awe wa mwisho, na asiwepo hata mtu mmoja nyuma yake. Kasi ya kundi iwe kasi ya aliye dhaifu kuliko wote. Tembeeni sambamba na ufuo. Kukatiza ziwa muwaachie wavuvi. Na nyimbo ziimbwe mmekaa! Najua kwaya zetu, pambio likikolea watu husimama. Ndani ya mtumbwi msisimame.

Mlinzi wa ufuoni ndiye mtu ninayemwombea sana. Ana orodha ya majina, simu yenye chaji, na saa mbili zilizoandikwa kwenye karatasi: saa ya kurudi, na saa ya kuita msaada. Kule Lyme Regis saa ya kurudi ilijulikana. Iliyokosekana ni saa ya kuita. Mlinzi wenu asibembeleze moyo wake kwamba labda wamechelewa tu. Saa ile ikifika na watu hawajaonekana, apige simu, 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwa Tanzania, na atume boti ya injini. Wakitokea dakika tano baadaye wakicheka, asilaumiwe na mtu. Mshangilieni.

Limebaki suala la fedha, na ndilo linaloniogopesha kuliko mawimbi. Merikebu ya Iskanderia ilikuwa na mwenyewe, na ngano ilikuwa na soko. Nanyi mtakuwa mmeshatoa malipo ya awali, na asubuhi hiyo upepo ukiwa mbaya, mtunza hazina atafikiria risiti. Basi malizeni jambo hili mapema. Mnapopatana na mwenye mitumbwi, iandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi kwamba hali ya hewa ikikataa, fedha inarudishwa au tarehe inasogezwa, na kwamba neno la kiongozi wa kundi ndilo la mwisho. Asiyekubali sharti hilo msikodi kwake, hata bei yake ikiwa nusu. Na ninyi waumini mliochanga, mjiandae kwa siku ambayo mtasafiri kwa saa nne kwenye basi, mle pilau ufuoni, mcheze mpira mchangani, mrudi nyumbani bila kugusa kafi. Siku hiyo msimnung'unikie kiongozi wenu. Mwinukieni kanisani Jumapili, mtajeni jina, mpigieni makofi, na fedha iliyorudishwa itumike kumlipa mwalimu awafundishe vijana kuogelea kabla ya safari ijayo. Kamati ikutane wiki hii, na kabla ya kuagana imchague atakayekwenda kukagua na atakayebaki ufuoni.